Acheni kumtafuta Josh Allen mwingine

Kila ikikaribia drafti ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, mpwa wangu hunitumia vipande vya video mfululizo. Kijana fulani wa chuo karusha mpira yadi 60, kamruka beki, kakimbia hadi mwisho wa uwanja. Chini yake ananiandikia: "Mjomba, huyu ni Josh Allen mwingine!" Na mimi, mkazi wa West Side hapa Buffalo, mtaa ambao bendera za Bills, timu yetu ya NFL, zinaning'inia hata kwenye maduka yetu ya unga na mafuta ya mawese, ndiye ninayembishia kuliko mtu yeyote.

Nampenda Allen, kwotabeki wa Bills, kupita kiasi. Ndiyo maana sitaki jina lake litumike kuuzia watu matumaini.

Kwa ambao hawafuatilii: mwishoni mwa Aprili timu 32 huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, zilizofanya vibaya zikitangulia. Kwotabeki ndiye anayeushika mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao. Timu ikichagua vibaya nafasi hiyo, miaka mitatu minne inapotea bure, na kocha anafungashiwa virago.

Sasa tazama Allen alikotoka. Mtoto wa Firebaugh, California, alimaliza sekondari bila chuo kikubwa hata kimoja kumtaka. Akapitia chuo kidogo cha Reedley, kisha Wyoming. Huko Wyoming pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 56 tu, na mwaka 2018 Bills walipopanda hadi nafasi ya 7 kumchukua, wengi walicheka. Msimu wa kwanza zikawa asilimia 52.8. Wa pili, 58.8. Wa tatu, mwaka 2020, zikaruka hadi 69.2. Mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Kuruka namna hiyo ni jambo la nadra mno. Kulihitaji kijana asiyechoka kurekebisha mkao wa miguu yake kila mapumziko ya msimu, kulihitaji Brian Daboll aliyebaki kuongoza mashambulizi miaka yote hiyo, na kulihitaji Stefon Diggs aliyeletwa mwaka 2020 kuzidaka pasi zenyewe. Watu wameyasahau hayo, wamebaki na mkono wenye nguvu na urefu wa futi 6 na inchi 5.

Matokeo yake ni Anthony Richardson. Mwili wa ajabu: kwenye majaribio ya mwili ambayo NFL huwafanyia vijana wa drafti jijini Indianapolis, mwaka 2023 aliruka juu inchi 40.5, ambayo hadi siku hiyo hakuna kwotabeki aliyekuwa ameifikia pale, na yadi 40 alizimaliza kwa sekunde 4.43. Colts wakamchukua nafasi ya 4. Lakini chuoni Florida alikuwa ameanza mechi 13 tu, na msimu wake wa mwisho pasi zilizofika hazikutimia hata asilimia 54. Mwaka 2024, akiwa na Colts, zilikuwa 47.7. Simlaumu kijana. Nawalaumu watu wazima waliotazama mbio zake na kujiambia usahihi atafundishwa baadaye.

Mimi natazama nini? Kwanza siwezi kutazama vipande vilivyokatwakatwa. Natafuta mechi nzima, tena mechi waliyofungwa, dhidi ya timu yenye mabeki wakali. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi; naruka moja kwa moja hadi jaribio la tatu zikiwa zimebaki yadi saba au nane, maana hapo kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Kisha nauziba mpira kwa kidole kwenye skrini na kutazama miguu.

Sekunde mbili na nusu zinatosha. Beki mmoja kampita kwa nje mlinzi wa kushoto anayemkinga kwotabeki. Kwotabeki asiyekomaa huyashusha macho, anamwangalia beki badala ya wapokeaji wake, miguu inaanza kurudi nyuma, moja, mbili, tatu, na hapo anakuwa amejipeleka mwenyewe mikononi mwa anayemkimbia. Aliyekomaa hupiga hatua moja kwenda mbele. Hatua fupi. Bega limetulia, mpira uko kifuani kwa mikono miwili, macho yamehama kutoka mpokeaji wa kwanza hadi wa pili, beki anapita nyuma ya mgongo wake akishika hewa. Nikiyaona hayo mara sita au saba katika mechi moja, wala sijali mkono wake una nguvu kiasi gani.

Kinyume chake ni yale maonyesho ya Machi ambayo chuo humwandalia kijana wake mbele ya maskauti. Mwaka 2021 Zach Wilson wa chuo cha BYU alikimbilia kushoto, akageuza mwili na kurusha mpira mrefu hadi upande wa pili wa uwanja. Video ikaenea kila mahali. Jets wakamchukua nafasi ya 2. Ile pasi ilikuwa nzuri kweli, lakini mbele yake hapakuwa na beki hata mmoja! Mwanamume hupimwa akiwa anafukuzwa.

Vipimo vya mwili navipitia haraka. Kwenye majaribio yale ya Indianapolis wanampanulia kijana kiganja na kupima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kenny Pickett alikuwa na inchi 8 na nusu, wakauzungumzia udogo wa kiganja chake mwezi mzima. Joe Burrow alikuwa na 9 tu, na nani leo anayeuliza? Kinachonipa uhakika zaidi ni wingi wa mechi alizoanza. Bo Nix alianza mechi 61 akiwa Auburn na Oregon, rekodi ya makwotabeki wa vyuo, na Denver waliomchukua wakarudi mtoano mwaka wake wa kwanza. (Walikuja hapa Orchard Park, kwenye uwanja wa Bills, Januari 2025 tukawafunga 31 kwa 7, lakini hilo halimpunguzii kitu.) Brock Purdy naye alikuwa kwotabeki wa Iowa State kwa miaka minne, akachukuliwa wa 262, wa mwisho kabisa, na akaipeleka San Francisco Super Bowl, fainali ya ligi.

Kitu kingine ninachohesabu ni mara alizoangushwa na mpira mkononi. Kila mtu huwalaumu walinzi wa mbele, lakini mara nyingi ni kwotabeki mwenyewe aliyekaa na mpira muda mrefu. Shedeur Sanders wa Colorado aliangushwa mara 94 katika misimu miwili, ingawa mwaka 2024 pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 74. Namba ya pili ndiyo iliyosambazwa mitandaoni. Timu ziliitazama ya kwanza pia, na alingoja hadi nafasi ya 144. Naona ilikuwa chini mno kwa kipaji chake, lakini hofu yao naielewa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo video haiwezi kukuonyesha, nalo ni atakakopelekwa. Lamar Jackson alichaguliwa wa 32 mwaka 2018 huku wapo waliotaka ageuzwe mpokeaji. Ravens wakajenga mashambulizi yote kumzunguka, na mwaka 2019 akawa mchezaji bora kwa kura zote 50. Sam Darnold, wa 3 drafti ileile, alisota Jets, na timu ya nne ikabidi impokee ndipo ashinde mechi 14 na Minnesota mwaka 2024. Caleb Williams aliangushwa mara 68 msimu wake wa kwanza Chicago, mwaka ambao timu ilimfukuza kiongozi wa mashambulizi na kocha mkuu ndani ya Novemba moja. Alipokuja kocha mkuu mpya, Ben Johnson, mwaka 2025, kuangushwa huko kulipungua sana na Bears wakashinda mechi 11. Miguu ilikuwa ileile. Aliyebadilika ni mtu wa kuielekeza. Kwa hiyo siku hizi, kabla sijampa kijana alama yoyote, naangalia kocha gani atamfundisha na kama kocha huyo ana uhakika wa kuwepo kazini mwaka unaofuata.