Mtumbwi Uliorudi Nyuma

Asubuhi moja katika mwalo wa Masese, Jinja, nilisimama kwenye ncha ya mtumbwi uliokwisha kushushwa mizigo, nikaruka kuelekea gatini, na badala ya kukanyaga mbao nikakanyaga maji. Mzee mwenye mtumbwi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," akasema, "umeusukuma mwenyewe, sasa unaulaumu kwa kwenda?"

Momenta ni zao la masi na kasi pamoja na mwelekeo wake, na mwelekeo huo ndio niliousahau. Tuseme nina kilo 60, mtumbwi una kilo 120, na sote tumetulia: jumla ya momenta ni sifuri. Nikiruka mbele kwa meta 2 kwa sekunde napata momenta ya 120, na ili jumla ibaki sifuri mtumbwi hauna budi kurudi nyuma kwa meta 1 kwa sekunde. (Maji huuzuia kidogo, lakini mruko huisha kabla hayajawahi kufanya kazi kubwa.) Huo, kihesabu, ni mlipuko. Bomu likipasuka angani, vipande vyake hutawanyika huku na huko, ilhali momenta zao zikijumlishwa hutoa ile ile iliyokuwapo kabla ya kupasuka. Nishati haifutani hivyo, kwa sababu haina mwelekeo: miguu yangu ilitoa jouli 180, nikabaki na 120, na mtumbwi ukachukua 60.

Mgongano ni mlipuko uliogeuzwa. Abiria wa uzito wangu akiuparamia mtumbwi huo kutoka gatini kwa kasi ile ile na kutua ndani yake, wote wawili huondoka pamoja kwa karibu meta 0.67 kwa sekunde, maana momenta ya 120 sasa inabebwa na kilo 180. Jouli zake 120, hata hivyo, zimebaki 40. Zile 80 nyingine zimeishia katika mlio wa mbao, joto na magoti yaliyokunjika. Wanafunzi wengi hukosea hapa, wakidhani kikihifadhiwa kimoja lazima kihifadhiwe na kingine.

Wasione haya, kwani Descartes mwenyewe, mwanafalsafa wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1644, alihesabu wingi wa mwendo bila kujali mwelekeo, na kanuni zake za migongano zikaharibika kwa sababu hiyo. Mwanafizikia Huygens wa Uholanzi ndiye aliyezisahihisha.

Safari iliyofuata mzee alifunga kamba kwenye nguzo ya gati kabla sijanyanyua mguu. Mtumbwi ukatulia, nami nikatua pakavu, kwa kuwa momenta iliyokuwa iurudishe nyuma ilipitia kambani hadi kwenye Dunia yenye kilo zipatazo 6 zikifuatwa na sifuri 24, ambayo kasi yake ilibadilika kwa sifuri nukta, sifuri nyingine 22, kisha 2.