Tukitafuta Pa Kuishi Katikati ya Wales

Mke wangu alipopata kazi ya uuguzi Bronglais, hospitali kuu ya Aberystwyth, mazungumzo ya nyumbani kwetu Birmingham yakawa ni hayo tu: tutakaa wapi? Aberystwyth ni mji wa pwani magharibi mwa Wales, na ukishatoka nje yake ni milima, kondoo na vijiji. Kila tuliyemwuliza alitusifia mandhari. Sisi tukapanga kwenda katikati ya Novemba, mvua ikiwa haikatiki na jua likizama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Mandhari ya Julai kila mtu anaiweza. Tulitaka kuona kijiji kikiwa kwenye matope yake.

Tulipita barabara ya A44 hadi Rhayader. Mji mdogo mzuri, umekaa mtoni, na juu yake mwewe wekundu wanazunguka, ndege ambao zamani walibaki wachache mno Uingereza nzima na wakaponea kwenye milima hii. Watoto walitaka tuishie hapo hapo. Mama yao akawakatalia kwa sababu za kiuguzi. Rhayader iko Powys, kaunti kubwa kuliko zote Wales kwa eneo, lakini haina hospitali kubwa hata moja. Mgonjwa mahututi hupelekwa Hereford, Shrewsbury, au huko huko Aberystwyth, kwa barabara za kupinda milimani.

Toka Rhayader tukapanda Bonde la Elan, na hapo nilitaka watoto washuke garini. Maji waliyoogeshwa tangu kuzaliwa yanatoka bonde hili. Mabwawa yalianza kujengwa 1893, yakafunguliwa 1904, na maji husafiri kilomita zipatazo 118 hadi Birmingham kwa mteremko tu, bila kusukumwa na pampu. Tulisimama mbele ya ukuta wa Caban Coch, maji yakiporomoka kwa ngurumo hadi tukawa tunasemeshana kwa kupaza sauti. Chini ya bwawa kulikuwa na nyumba za wakulima, shule, kanisa. Watu wapatao 100 walihamishwa, na fidia walipewa wenye ardhi peke yao. Wapangaji na vibarua waliondoka mikono mitupu.

"Baba, waliombwa ruhusa?" binti yangu akauliza.

"Hawakuombwa, mwanangu."

Hakusema kitu tena mpaka tulipovuka mlima na kuteremkia Cwmystwyth, penye magofu ya migodi ya madini ya risasi na simu zisizoshika mtandao.

Nyumba ya kwanza ilikuwa juu ya mji mdogo wa Tregaron. Dalali alitutajia bei, mimi na mke wangu tukatazamana kwa furaha. Kuta za mawe, nene kama mkono ulionyooshwa toka kiwiko hadi kidole, paa la vigae vya mawe, bonde lote liko miguuni. Mke wangu akaenda moja kwa moja kufungua kabati la chumba cha nyuma, akaingiza kichwa, akanusa. Akanipungia mkono nisogee. Rangi ilikuwa mpya, ila kwenye pembe ya chini ilishaanza kuvimba, na ukiibonyeza kwa kidole inabonyea. Kuta hizi za zamani hazina nafasi ya hewa katikati. Unyevu ukiingia hautoki kwa kupakwa rangi.

Nje kulikuwa na tangi kubwa la kijani. Bomba la gesi halifiki huku, kwa hiyo nyumba hupashwa moto kwa mafuta ya taa yanayoletwa na lori, mamia ya lita kwa mara moja, na unayalipia yote siku hiyo. Maji ni ya chemchemi, yanachujwa na kupitishwa kwenye taa ya kuua vijidudu. Maji machafu yanaingia shimo la nyumba yenyewe. Hakuna baya katika hayo, watu wanaishi hivyo vizazi na vizazi, lakini muuguzi anayerudi alfajiri toka zamu ya usiku anahitaji nyumba isiyomdai kazi nyingine. Na treni ya Tregaron ilishaacha kubeba abiria 1965.

Tukiwa tunaondoka, bibi wa nyumba ya jirani alikuja getini, akatusalimu kwa Kiwelisi, kisha akatuuliza kwa Kiingereza: "Mtakuja kuishi, au mtakuja wikendi?"

Nilimwelewa vizuri sana. Kwenye sensa ya 2021 wanaosema Kiwelisi walikuwa asilimia 17.8 ya watu wa Wales. Hapa Ceredigion, kaunti yenye Tregaron na Aberystwyth, ni asilimia 45.3, na inashuka. Nyumba zikinunuliwa na watu wa wikendi, vijana wa kijiji wanakosa pa kukaa, shule inapungukiwa watoto, lugha inabaki na wazee. Ndiyo maana tangu Aprili 2023 halmashauri zinaruhusiwa kuwatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote.

Kesho yake tukashuka pwani hadi nje kidogo ya Llanrhystud, kwenye kipande cha ukuta mwekundu kilichoandikwa "Cofiwch Dryweryn", yaani kumbukeni Tryweryn. Kijiji cha Capel Celyn, kwenye bonde hilo la Tryweryn, kilizamishwa 1965 ili Liverpool ipate maji. Binti yangu akaunganisha na Elan mwenyewe, sikumsaidia.

Rafiki zetu wa Birmingham walituonya kwamba vijijini Ceredigion shule za msingi hufundisha kwa Kiwelisi, watoto watachanganyikiwa. Mimi nimekulia Lushoto. Nyumbani Kisambaa, darasani Kiswahili, sekondari Kiingereza, na sikuchanganyikiwa. Watoto wageni hupewa mafunzo maalumu ya lugha, kisha wanaendelea na wenzao. Mtoto wangu akijua Kiwelisi atakuwa na wenyeji wa kumwita mwenzao, na Kiswahili atakikuta nyumbani kila jioni.

Borth tulipita haraka. Ufuko wake una visiki vya msitu uliomezwa na bahari miaka elfu nne na zaidi iliyopita, na nyumba zimebanwa kati ya mawimbi na kinamasi. Ramani za mafuriko za Wales ziko wazi mtandaoni. Andika msimbo wa posta kabla hujampigia dalali. Machynlleth nayo tulifika Jumatano, siku ya soko lililopewa hati 1291. Tuliipenda. Lakini ni karibu nusu saa ya barabara gizani baada ya zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, na mke wangu akasema hapana.

Tumechagua Bow Street. Hakuna atakayeipiga picha: kijiji kirefu kilichojipanga kandokando ya barabara kuu, kilomita tano hivi toka Aberystwyth. Ila basi linapita mlangoni, stesheni ilifunguliwa upya 2021, na shule ya msingi ya Kiwelisi ipo kwa miguu. Kwanza tutapanga nyumba, hatununui. Kwa mikataba ya Wales tangu Desemba 2022, mwenye nyumba hawezi kukutoa bila kosa pasipo notisi ya miezi sita, na hiyo inatutosha kuwajua majirani kabla ya kununua. Funguo tunakabidhiwa Januari, na binti yangu ameshaanza kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiwelisi.