Majivu yaliyoanguka na majivu yaliyoporomoka: kuisoma volkano kwenye matope ya bahari

Volkano haitunzi vizuri kumbukumbu zake yenyewe. Mlipuko mpya huufukia wa zamani, mvua huosha majivu, mteremko humomonyoka. Baharini matope hutuama taratibu, mara nyingi sentimita chache kwa miaka elfu, na majivu yakianguka hubaki kama mstari katikati yake. Mfano mzuri ni Santorini, visiwa vya volkano vya Ugiriki. Uchimbaji wa kimataifa wa 2022 na 2023 ulikuta huko chini ya bahari tabaka la pamisi (jiwe jepesi la volkano lenye matundu) linalofikia unene wa mita 150, la mlipuko wa miaka kama 520,000 iliyopita. Visiwani kwenyewe mlipuko huo umeacha mabaki madogo tu.

Matope hutolewa kwa mrija mrefu wa chuma wenye bomba la plastiki ndani, ukatoka mche mmoja mrefu wa matope unaopasuliwa nusu kwa nusu. Mrija wa pistoni, wenye kizibo ndani kinachofyonza matope, huenda chini sana, lakini mara nyingi huzipoteza sentimita za juu kabisa, yaani milipuko ya karibuni. Kwa hiyo teremsha pia mirija mifupi mahali palepale. Hatari nyingine ni majivu yenyewe: ni mchanga uliojaa maji, na pistoni ikifyonza hupanda ndani ya bomba kama uji. Ukiona mistari imesimama sambamba na ukuta wa bomba badala ya kulala, usipime unene hapo.

Uso wa mche uliopasuliwa ukwangue kwa kukata upande hadi upande, kamwe si kwa urefu, la sivyo utapaka majivu ya tabaka moja juu ya jingine. Chota sampuli katikati ya mche, mbali na ukuta. Ioshe kwenye chekeche la mikromita 63, ondoa chokaa kwa asidi hafifu kwa muda mfupi, kisha kausha kwa joto la chini. Vipande vya kioo cha volkano (magma iliyopoa ghafla) hugandishwa kwenye epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, na kung'arishwa, halafu kemia yao hupimwa kimoja kimoja kwa mwale wa elektroni ili kujua vilitoka volkano ipi. Mwale utanuliwe hadi mikromita 5 au 10. Ukiwa mwembamba mno huifukuza sodiamu, silika inaonekana nyingi kuliko ilivyo, na majivu yanahusishwa na volkano isiyohusika.

Majivu yasiyoonekana kwa macho nayo yatafutwe. Ya volkano ya Toba, kisiwani Sumatra, ya miaka kama 74,000 iliyopita, yamepatikana hadi kwenye matope ya Ziwa Malawi.

Swali linaloamua kila kitu ni hili: tabaka lilianguka kutoka angani, au liliporomoka kutoka mteremkoni? Lililoanguka huwa na kitako kilichokatika wazi, chembe kubwa chini na ndogo juu, na kioo cha aina moja. Juu yake huvurugika, kazi ya minyoo na viumbe wengine wachimbao. Lililoporomoka huchanganya vioo vya aina nyingi, vipande vya miamba, na makombe ya maji mafupi. Huenda hata limekwangua tabaka zilizokuwa chini yake. Ukilihesabu kama mlipuko, volkano itaonekana kali kuliko ilivyo.

Lakini usilitupe haraka. Tarehe 15 Januari 2022, volkano ya Hunga Tonga katika Pasifiki ilipolipuka, majivu na mawe yaliyorudi baharini yaliteremka kwa kasi iliyofikia kilometa 122 kwa saa na kukata nyaya za mawasiliano. Poromoko la namna hiyo ni sehemu ya mlipuko wenyewe. Likiwa na kioo cha aina moja, lihesabu. Ila unene wake usiuweke kwenye ramani ya majivu ya angani, kwa kuwa umefuata mabonde ya chini ya bahari, si upepo.

Kwa umri, chukua foraminifera (viumbe wadogo sana wa baharini wenye magamba ya chokaa) walio chini tu ya kitako cha tabaka. Redio kaboni inafika takriban miaka 50,000, na lazima irekebishwe, maana kaboni ya maji ya bahari tayari ni kuukuu kwa mamia ya miaka. Kosa ninaloliona baya zaidi huja hapa, kwenye kukokotoa kasi ya kutuama. Kati ya tarehe mbili kuna mita 4, na mita 1.2 ni majivu na maporomoko? Gawanya mita 2.8. Yale mengine yalifika kwa saa au siku chache.

Viumbe wachimbao huvuruga takriban sentimita 10 za juu. Matope yakituama sentimita 5 kwa miaka elfu, hiyo ni miaka 2,000: milipuko miwili midogo iliyofuatana ndani ya muda huo inaweza kuonekana mmoja. Hesabu yako basi ni ya chini kabisa. Na mche mmoja hautoshi. Ukichimba upande ambao upepo hauelekei, utakuta matope matupu ya maelfu ya miaka, na mtu wa mipango ya uokoaji atayasoma kama utulivu.