Karatasi Mbili, Herufi Zile Zile

Dalali wa mahakama alikuja Jumanne moja ya Oktoba 2018, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mimi nimejifunga kanga natia maji birikani. Hakuanza na mlango. Nilisikia chuma kikigonga lami, nikafunua pazia, nikamwona mtu amechutama kando ya gurudumu la mbele la gari langu. Alipoinuka, tairi lilikuwa limeshakabwa na chuma cha njano. Ndipo akaja kubisha hodi.

Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alitaja jina langu, akataja namba ya gari, akanionyesha deni kwenye kimashine chake: karibu pauni 400. Faini ya kuegesha gari. Nikamwambia amekosea, faini yangu nililipa tangu Aprili na risiti ninayo. Nikapanda ngazi mbio kuileta. Akaisoma yote, akanirudishia, akasema risiti ile ni ya kampuni binafsi, yeye ametumwa na halmashauri.

Nilisimama pale mlangoni na risiti mkononi. Saa moja unusu kulikuwa na mzee mmoja akiningoja nimtoe kitandani, nimwogeshe, nimpe uji wake na vidonge vyake. Hakuwa na mtu mwingine asubuhi ile. Kazi yangu ya kutunza wazee majumbani bila gari haifanyiki. Kati ya nyumba ya kwanza na ya pili kulikuwa na maili sita. Nikampigia simu mweka hazina wa upatu wetu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, na zamu yangu ilikuwa Novemba. Aliitika kwa sauti ya usingizi, akasikiliza, akasema, "Dada, nipe dakika kumi." Pesa ikaingia, nikalipa kwa kadi, chuma kikafunguliwa. Pesa ile ilikuwa ya mabati ya mama, Tanga. Nilipompigia jioni kumweleza, alisema tu, "Mabati hayaendi popote, mwanangu. Wewe umekula?"

Yote yalianza na wiki moja ya Machi, mwanangu alipokuwa na miaka mitano na pumu yake imemkamata vibaya. Sitautaja mji. Ni mji wa Midlands, katikati ya Uingereza, wenye mvua kama miji mingine yote ya kule.

Jumatano nilikwenda kumchukulia dawa kwenye duka la dawa lililo katika uwanja wa maduka makubwa. Kuegesha pale ni bure kwa saa mbili, na kamera ya langoni husoma namba ya gari ukiingia na ukitoka. Dawa haikuwa tayari, mtoto akalia njaa, nikamlisha, tukarudi kungoja. Tulikaa saa mbili na dakika ishirini na tano. Hakuna aliyeniambia kitu, wala hapakuwa na karatasi yoyote kwenye kioo.

Jumamosi ya wiki ile ile nikampeleka kliniki, nikaegesha barabarani kwenye sehemu ya kulipia. Nililipa. Naomba msomaji alikumbuke hilo: nililipa. Mashine ikatoa kitiketi, nikakiweka juu ya dashibodi, nikamtoa mtoto anayehema kama aliyetoka kupanda mlima, nikasukuma mlango kwa goti. Upepo wa siku ile ulikuwa ukipeperusha hata mapipa. Niliporudi, kwenye kioo cha mbele kulikuwa na kimfuko cha plastiki cha njano. Tiketi yangu niliikuta sakafuni, chini ya zulia la upande wa abiria, kifudifudi. Nikaichukua, nikaitia ndani ya kimfuko kile kile, nikarudi nyumbani na mtoto.

Barua ya kampuni ilinifikia siku ya ishirini na tatu baada ya ile Jumatano. Kwenye meza ya jikoni nikawa na karatasi mbili. Zote mbili zimeandikwa PCN kwa herufi kubwa.

Sasa, kwetu kulikuwa na mafundisho. Kila Ijumaa baada ya swala, wazee wetu wakikaa na kahawa, suala hili halikosi. Mzee mmoja niliyemheshimu, na bado namheshimu, alikuwa akisema: "Ya serikali lipa haraka. Ya kampuni tupa. Hiyo si faini, ni kampuni inaomba tu." Yeye mwenyewe alizitupa mbili mwaka 2009, wakamwandikia mara tano, wakachoka. Ushauri ule niliubeba kama ulivyo. Kilichobaki ilikuwa kujua ipi ya nani.

Ile ya njano ilikuwa karatasi nyembamba kama risiti ya duka, imelowa pembeni, imebandikwa na mtu nisiyemwona. Ile ya posta ilikuwa nzito, ina picha mbili za gari langu kwa rangi, saa za kuingia na kutoka mpaka sekunde, imetaja sheria, imetaja mahakama, imetaja mamlaka ya magari. Mimi nimekua nikijua kwamba serikali huandika barua, na barua huja na nembo. Nikaamua bila kumuuliza mtu: hii nene ndiyo ya serikali.

Nikapiga simu siku ile ile. Msichana aliyepokea alikuwa mpole. Nilimwambia ni mimi niliyekuwa naendesha, kwamba mtoto alikuwa mgonjwa, kwamba naomba radhi. Akanishukuru, akasema nikilipa leo ni pauni 60 badala ya 100. Nikalipa. Ile nyembamba, pamoja na kitiketi ndani yake, nikaisukuma kwenye droo ya vijiko. Mwisho wa Aprili tukahamia nyumba nyingine mtaa wa mbali kidogo. Kadi ya gari niliituma kubadilisha anwani wiki ile ile ya kuhama, na nimshukuru Mungu kwa hilo.

Baada ya dalali kuondoka nilifanya kazi siku nzima kama mtu aliyepigwa na baridi. Jioni nikaenda kwa Bi Mkubwa. Ndivyo sote tulivyomwita. Mama wa Mombasa, karani mstaafu, aliyekaa Uingereza tangu miaka ya sabini, na nyumbani kwake hakukosi mtu na bahasha yake mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, maana alikuwa anahesabu vitanzi vya kufuma. Nikaweka kimfuko cha njano na risiti ya kampuni juu ya meza.

Alivua miwani, akavaa nyingine. Alisoma polepole sana. Kisha akaziweka karatasi sambamba, akaweka kidole chake juu ya neno la kwanza la kila moja.

"Soma."

Ya njano ilisema Penalty Charge Notice, taarifa ya adhabu. Nyingine ilisema Parking Charge Notice, taarifa ya malipo ya kuegesha.

"Hii," akagusa ya njano, "ni adhabu kwa sheria ya mwaka 2004. Halmashauri haikupeleki mahakamani kubishana nawe. Usipojibu, wao wanaandikisha deni tu kwenye kituo cha mahakama kule Northampton, na dalali anatoka. Hii nyingine ni ankara. Wanadai ulivunja mkataba wa ubao ule wa pale uwanjani. Wakitaka pesa na wewe hutaki, lazima wakushitaki kama anavyoshitaki mtu yeyote anayekudai."

Akaniuliza barua ya kampuni ilifika lini. Nikamwambia siku ya ishirini na tatu. Akauliza kama kulikuwa na karatasi kwenye kioo siku ile. Nikasema hapana. Akaweka miwani chini.

"Mwanangu, wakikukamata kwa kamera tu, sheria ya 2012 inawapa siku 14 barua iwe imekufikia, ndipo waweze kumdai mwenye gari hata kama hawajui nani aliendesha. Wakichelewa, wanamdai dereva peke yake. Na dereva ni nani, wao hawajui. Ulikuwa na la kuwaambia. Uliwaandikia?"

Nikamweleza simu niliyopiga, na jinsi nilivyosema ni mimi niliyeendesha na kuomba radhi. Bi Mkubwa alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Hakunilaumu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema pauni 60 zile tuziache, zimekwenda, tushike hili lenye uhai.

Nilimwambia habari za barza na mafundisho ya kutupa. Hapo alikasirika kidogo, na sikuwa nimewahi kumwona amekasirika. Alisema wanaume wale wanafundisha watu sheria iliyokufa. Kabla ya Oktoba 2012, kampuni zilikuwa zikikaba magurudumu kwa chuma kwenye viwanja vyao, lakini anayetumiwa barua aliweza kunyamaza, kwa kuwa mwenye gari hakubanwa kwa kosa la dereva. Mwaka ule kukaba huko kukapigwa marufuku Uingereza na Wales, na kampuni zikapewa njia ya kumfuata mwenye gari. Kisha akanisimulia habari ya Barry Beavis, mwuza samaki na chipsi, aliyepitisha muda wa bure kwa karibu saa nzima kwenye uwanja wa maduka kule Chelmsford akadaiwa pauni 85. Alikataa kulipa, akaipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu, akisema pesa ile ni nyingi mno kwa kosa lile. Novemba 2015 akashindwa. "Tangu siku hiyo," alisema Bi Mkubwa, "kampuni zinashitaki bila hofu. Hukumu ikitoka hujajibu, na usipoilipa ndani ya mwezi, jina lako lina doa miaka sita. Nyumba ya kupanga hupati, mkopo hupati. Kwa karatasi uliyotupa kwenye pipa."

Tulikaa mpaka saa nne usiku. Alinifundisha njia niliyopaswa kuifuata tangu Machi, na nilipoisikia nilitaka kulia, maana haikuwa ngumu. Karatasi ya njano ilikuwa pauni 50, au 25 ndani ya siku 14. Ndani ya siku hizo hizo ningeandika barua fupi na kuambatisha picha ya kitiketi. Wangekataa, ningengoja barua rasmi ya kwenda kwa mwenye gari, nikapinga tena kwa siku 28. Wangekataa tena, ningekata rufaa kwa baraza huru la rufaa za faini za barabarani, bila kulipa hata senti. Mtu anaponyamaza ndipo faini huongezwa nusu yake, kisha ada ya mahakama, kisha ya dalali: wakati ule pauni 75 kwa barua yake, na 235 kwa kukanyaga mlangoni kwako. Nilipigia hesabu pembeni ya gazeti. Nusu na zaidi ya pesa ya mabati ya mama ilikuwa ada ya miguu ya yule bwana.

Lakini barua ile rasmi ilikwenda nyumba ya zamani, sisi tumeshahama. Hapo ndipo tuliposhika. Kuna fomu mbili, TE7 na TE9, za kupeleka Northampton. Moja unaeleza kwa nini umechelewa, nyingine unatoa tamko kwamba barua hukuipata. Bi Mkubwa hakukubali niandike upesi. "Hili ni tamko la mahakama. Ukiongopa ni kosa kubwa kuliko faini. Andika unachokijua tu." Nikaandika tarehe ya kuhama, nikaambatisha mkataba wa nyumba mpya na nakala ya kadi ya gari yenye tarehe ya kubadilishwa. Nilitaka kueleza habari za pumu na upepo, akanizuia, akasema hayo ni ya mlango unaofuata.

Majibu yalichukua wiki tano. Amri ya kudai deni ikafutwa. Halmashauri ikanitumia ile barua rasmi upya, safari hii mahali nilipo, na ndipo nikaeleza ya pumu na upepo, nikapeleka picha ya kitiketi: tarehe, saa, kiasi nilicholipa, vyote vinasomeka ingawa karatasi ilikuwa na alama ya kiatu. Walifuta faini kwa aya moja. Walisema safari nyingine nihakikishe tiketi inaonekana. Pesa ilirudi Januari 2019, pamoja na ya dalali, na mama akaezeka kabla ya masika.

Habari zikaenea, kama zinavyoenea kwetu. Jumapili moja ya Februari mlango wa Bi Mkubwa ukagongwa nami nipo, nasaidia kumenya viazi. Alikuwa yule mzee wa barza. Amevaa kofia yake ya vito, mkononi ana mfuko wa plastiki wa dukani, na alisimama kizingitini kwa muda kabla ya kukaribia. Alisema ni za mwanawe mkubwa, aliyetumia gari lake. Kisha akasema baadhi ni zake pia.

Tulizimwaga juu ya meza. Bahasha kumi na moja, saba hazijafunguliwa. Bi Mkubwa alinipa kisu cha viazi nizifungue, naye akazipanga kwa mafungu: za halmashauri kushoto, za kampuni kulia, za wakusanya madeni nyuma, maana hao hawana nguvu ya kuingia nyumbani kwa mtu. Ya tisa ilikuwa na muhuri wa mahakama. Kampuni imemshitaki mzee, na hati ilikuwa imetolewa siku tisa nyuma.

Mzee aliuliza kwa sauti ndogo kama wakati umepita.

"Bado, baba," nilimwambia. Nikafuta mikono, nikavuta kiti, nikachukua kalamu.