Paka anayeanza kwa ain

Jumamosi usiku. Nimerudi nyumbani Majengo saa saba mchana, chaki imenijaa mpaka kwenye nyusi, na tangu hapo kuna jambo linanikereketa. Leo nimemcheka mtoto.

Tuko vijana watano, shule tumemaliza, tunangoja vyuo au kazi, lolote litakalotangulia. Kila Jumamosi asubuhi tunawasomesha Kiingereza watoto wa familia zilizokimbia Somalia na Kongo. Kijana mmoja wa Kismayu, miaka kumi hivi, alisimama kusoma neno "cat". Akatoa sauti ya kooni, nzito, kama mtu anayekabwa. Kicheko kikanitoka, darasa zima likanifuata. Akakaa, na hakufungua mdomo tena mpaka tukaagana.

Dada yake ndiye aliyenieleza, pale nje, huku akimfunga mdogo wake kamba za viatu. Kisomali kinaandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na humo C ni ain, ile herufi ya Kiarabu inayotamkwa kooni. Ain ile ile niliyochapiwa chuoni kwa maalim kwa kushindwa kuitamka! X nayo ni ha ya kooni. Basi kumbe mtoto alisoma sawasawa, kwa kanuni ya kwao. Na P hawana kabisa, ndiyo maana "paper" huwatoka "beber". Hilo nimekuwa nikiwakaripia kila wiki, nikidhani ni uvivu.

Wa Kongo nilijua watakuwa mteremko, maana Kiswahili wanacho. Wapi! Msichana wa Bukavu husema "batoto", na shule anaiita "masomo", wenzake mtaani wakamfanya mchezo wa kuigiza. Leo niliandika "pain" ubaoni, nikashika tumbo na kukunja uso ili waelewe. Akajibu kwa furaha, "Mukate!" Na kwa Kifaransa hilo neno ni mkate kweli. Sasa mtu aliyeshika tumbo, amekunja uso, anataja mkate, si ana njaa huyo? Nilibaki na chaki mkononi.

Nilipomsimulia bibi hakushangaa. Anawakumbuka Wabarawa, watu wa mji wa Barawa kule Somalia, waliokuja kwa mashua baada ya vita vya 1991, wengine wakawekwa kambini Utange, Mombasa. Chimiini chao, yaani Kiswahili cha Barawa, alikielewa nusu, asema, na ile nusu nyingine waliimaliza kwa kubishania bei ya samaki.

Jumamosi ijayo sitaanza na Kiingereza. Nitamwomba yule kijana asimame mbele, kama atakubali, atufundishe ain, mimi wa kwanza kujaribu. Jioni hii nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mara ya nne bibi akagonga mlango, ana tonge la ugali mkononi, anauliza kama nimekwamwa na mwiba.