Kampuni mbili, jina moja: jinsi pingamizi lilivyoondolewa

Hatimaye cheti cha alama ya biashara kimetoka, alhamdulillahi! Tuliomba kusajili jina la viungo vyetu vya pilau. Kampuni ya majani ya chai yenye jina hilohilo ikaweka pingamizi. Tukapeleka cheti cha jina la biashara, hakikusaidia, maana chenyewe hakikupi haki ya alama. Kubadilisha nembo nako hakukutosha.

Kilichotuokoa ni orodha ya bidhaa. Fomu ilitaja daraja la 30 kwa jumla, yaani kundi mojawapo la bidhaa katika usajili wa alama, na humo chai, kahawa na viungo vimo. Tukafuta chai na kahawa, tukabakiza "bizari, iliki, mdalasini, pilipili manga". Ndipo wenzetu wakakubali kusaini makubaliano, kila mmoja abaki na bidhaa zake, wakaondoa pingamizi. Zanzibar ina msajili wake wa alama, tofauti na wa Bara, kwa hiyo huko tunaomba upya, na orodha hiyohiyo fupi.