Kushusha mguu wa boti

Nati sita tu ndizo zinazoshika mguu, ile sehemu ya nje nyuma ya boti yenye propela, lakini zilinila asubuhi nzima. Kabla ya kuzigusa niliweka gia ya mbele, nikamwaga oili. Ingetoka nyeupe kama maziwa, ningejua maji yameingia, ilitoka safi. Mguu wenyewe ni mzito jamani! Mwaka jana niliubeba peke yangu, mgongo ukanisuta wiki nzima. Safari hii niliukalisha kwenye toroli.

Mpira wa mikunjo, unaozuia maji yasifike kwenye shafti, haukuwa na ufa, ila beringi inayoshikilia shafti, nilipoizungusha kwa kidole, ilikwaruza. Nikabadilisha, nikapima kwa fimbo yake maalumu kama injini imenyooka sawa na beringi.

Kurudisha ndiko kwenye kazi. Gasketi mpya, grisi kwenye meno ya shafti, sukuma: wapi! Nikazungusha propela kidogo kidogo, meno yakashikana, mguu ukateleza wenyewe.